Usinipigie Simu Kabla Hujapima

Wewe utakayeishika barua hii kabla ya mume wangu, soma mstari huu kisha ukimbie: mwambie fundi Deo asiwashe injini ya Mama Shija. Bahasha nimeiacha wazi kwa ajili yako. Yanayofuata ni ya mume wangu, lakini ukiyasoma sitakasirika, mradi umekimbia kwanza.

Deo wangu, mume wangu mpenzi,

Kila nikiandika neno "mume", kalamu inataka kusimama kidogo ilitazame. Mdomoni nimelizoea, maana tangu harusi nalisema hata mahali lisipohitajika. Sokoni namwambia muuza dagaa, "Mume wangu anapenda wa Tanganyika," naye wala hajaniuliza. Lakini kuliandika kwenye barua ndiyo mara yangu ya kwanza, na nilitamani iwe barua ya kukuambia kwamba chumba chetu cha Izia kimekuwa kikubwa mno bila wewe, kwamba nalala upande wako wa kitanda, kwamba shati lako la kazi sijalifua kwa sababu linanukia wewe na oili. Yote hayo ni kweli. Ila siyo yaliyonikalisha hapa.

Nimekaa hapa kwa sababu krankshafti uliyoondoka nayo, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ni nene. Shingo zake zote mbili, pale zinapokaa beringi, zimezidi sehemu mbili za elfu za inchi. Niliyezipima ni mimi, na wewe uliniamini ukaifunga ukaenda nayo bondeni.

Unajua mwenyewe maana yake. Beringi ulizobeba ni za saizi ya ishirini, yaani za shingo iliyosagwa hadi inchi moja nukta tisa nane sifuri, na kati ya beringi na shingo panatakiwa upenyo wa oili kupita, mwembamba kuliko unywele. Upenyo huo wote sasa umejaa chuma. Injini itawaka, italia vizuri, watu watashangilia, halafu itapata joto na kukamata. Beringi zitaungua, shingo zitachubuka, na krankshafti ya injini kuukuu namna ile haipatikani tena dukani popote. Mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Shija itakuwa imekufa katikati ya mavuno. Na wewe, mpenzi, nakujua: injini mpya ikiwaka huwa unasimama palepale upande wa mkanda, umeinamisha sikio, unasikiliza. Nikifika hapo kwenye mawazo yangu, nakataa kuendelea.

Niko kibarazani, dukani kwa kina Idi. Lori lao linapakiwa sukari, sabuni na saruji za kupeleka Mtowisa. Upepo wa leo unapita hadi ndani ya mifupa, karatasi nimeikandamiza kwa mfuko wa chumvi. Nilikusudia kuandika mistari miwili tu. Lakini wapakiaji hawana haraka, nami nikinyamaza natetemeka, kwa hiyo acha niandike.

Kwanza simu. Ujumbe wako wa jana jioni nimeusoma hadi nimeukariri: "Tumekwama korongoni, springi ya gari imekatika. Krankshafti salama, nimeifunika blanketi letu. Chaji inaisha. Nitachaji kwa Mama Shija injini ikiwaka. Ukiona napiga, cheka, ujue imewaka." Jana nililala nao kifuani. Nilikuwa bibi harusi anayesubiri sauti ya mumewe, basi. Leo asubuhi ujumbe uleule umegeuka kuwa kitu cha kutisha. Simu yako ikiniita, maana yake injini imewaka. Simu ya Mama Shija ikipatikana, maana yake ni hiyohiyo, kwa sababu na yeye anachaji kwa mashine yake. Hivi umewahi kusikia, Deo, mwanamke ameolewa juzi tu, anampenda mumewe kama mimi ninavyokupenda, halafu anamwomba Mungu mumewe asimpigie?

Dereva mmoja aliyepanda asubuhi kutoka bonde la Rukwa amemwambia Idi kwamba gari lenu lilitengemaa na likaendelea kushuka. Kwa hiyo hivi sasa huenda umeshafika kule mbele ya Mtowisa, umevua shati, unaifunga injini, na watu wamekaa juu ya magunia yao ya mpunga wakikutazama. Kufunga kunakuchukua muda. Nakuomba leo uwe mvivu. Nakuomba upewe chai ndefu.

Mkono wako najua una akili. Pengine ukikaza boliti utahisi krankshafti inagoma kuzunguka, utasita. Lakini nakumbuka pia ulichosema kwenye lile trekta la Laela: "Beringi mpya zina maringo ya bibi harusi, zitalegea zenyewe." Nilicheka sana siku ile. Leo sicheki. Na tena utajiambia, Odi amepima, basi imepimwa. Hicho ndicho kinachoniogopesha kuliko chote, jinsi unavyoniamini.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipa maikromita? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo ya hesabu nimeyaficha chini ya godoro kwa mama, na Mzee Athumani alikuwa amenichukua niuze vipuri kaunta ya karakana yake. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, vidole vyangu vimekufa ganzi, navipulizia. Wewe ukaja kudai ringi za pistoni, ukaniona, ukasahau ringi. Ukaniwekea kiganjani kile chuma cha kupimia chenye umbo la kwato, baridi kama maji ya kisima.

"Shika kwa ncha za vidole," ulisema. "Usikikumbatie. Kikipata joto la mkono kinadanganya."

"Kumbe kina aibu kuliko mwenye nacho," nikakujibu.

Sijui ule ujeuri niliutoa wapi. Uliondoka bila ringi.

Siku uliponifundisha kukisoma, tulikuwa tumesimama karibu na dirisha kwenye mwanga, nami nilikuwa nasikia harufu ya sabuni ya kunawia mikono. Ukaniambia hii yetu inaanzia inchi moja kwenda mbili, kwa hiyo inchi moja tayari iko mfukoni. Kwenye mkono wake kuna namba, na kila namba ni mia. Kati ya namba na namba kuna vistari, na kila kistari ni ishirini na tano. Halafu kile kikombe kinachozunguka kina mistari yake midogo, na kila mmoja ni moja. Yote ni sehemu za elfu za inchi. Nilikunja uso kama nilivyokuwa nikikunja darasani.

"Odilia, kwenu mnalima ulezi?"

"Tunalima."

"Mnapima kwa nini?"

"Debe, kisado, kikombe."

"Basi. Mia ni debe, ishirini na tano ni kisado, moja ni kikombe. Hesabu madebe kwanza, kisha visado, malizia vikombe."

Nikatazama. Madebe tisa. Visado vitatu. Vikombe vitano. Mia tisa, na sabini na tano, na tano. Nikajumlisha na ile inchi ya mfukoni, nikasema kwa sauti ndogo, "Moja nukta tisa nane sifuri." Ukatabasamu tabasamu lile. Deo, mimi niliyekuwa naikimbia hesabu kama nyuki! Mpaka leo sijui kama ni hesabu iliyorahisika au ni ulezi au ni sauti yako.

Tangu hapo nikawa mpimaji wa pili. Desturi ya karakana yetu unaijua, lakini niiandike kwa ajili ya huyo aliyekimbia na sasa amerudi kusoma. Mzee Athumani hakubali kipimo cha mtu mmoja. Kwanza maikromita inapewa shikamoo: unaifunga juu ya kile kichuma cha inchi moja kamili na kusikia inajibu nini. Yenye afya hujibu sifuri. Ya kwetu iliangushwa miaka mingi kabla yetu, ikawa inajibu mbili, kila siku mbili, na Mzee hakuwa na ule ufunguo mdogo wa kuirekebishia. "Ameshasema mbili zake," Mzee husema, "mzitoe." Ndipo wawili wanapima kwa zamu, kila mmoja anatoa mbili, anaandika namba yake kwa chaki mezani, na kuifunika kwa kiganja asiione mwenzake. Mzee anasema, "Funua!" Zikilingana, kazi inaendelea. Zisipolingana, hakuna mkubwa wala mdogo, wote mnarudia.

Jamani, ile meza! Nimekupenda kwenye ile meza. Viganja vyetu viwili vimelala kwenye mbao, vyeusi kwa oili, na moyo wangu unadunda kana kwamba chini ya kiganja chako kuna jina langu. Tulilingana, tukalingana, tukalingana, mpaka siku ile ya krankshafti ya lori la Idi, ulipofunua namba yako ikawa pungufu ya yangu kwa ishirini na tano. Kistari cha mwisho kilikuwa kimechungulia kidogo tu pembeni ya kikombe, nawe hukukiona.

"Deo," Mzee alikuuliza, "ishirini na tano imekwenda wapi?"

Idi ndiye aliyejibu, amekaa juu ya tairi anakula muwa: "Hiyo hapo mbele yake, imevaa kitenge."

Karakana nzima ilicheka mpaka majirani wakachungulia. Uso wako uliiva kwa aibu. Mimi nilirudi kaunta nikajificha nyuma ya makatoni ya filta, nikacheka na kulia kidogo, kwa sababu ndipo nilipojua.

Na siku uliyonichumbia, nani mwingine duniani amechumbiwa vile? Ulichukua maikromita ndogo, ile ya chini ya inchi moja, ukaniambia nyoosha kidole. Ukakizungusha polepole mpaka kile kitufe cha mwishoni kikalia ta-ta-ta. "Kidole si chuma," ulisema, "kinapumua. Nisamehe kama nitakosea kidogo." Ukaandika namba mezani, ukaifunika, ukaniambia na mimi niandike yangu. Sikuandika namba. Niliandika "Ndiyo", nikaifunika kwa mikono yote miwili. Sasa pete hii niliyovaa, asubuhi ya baridi inazunguka kama ya kuazima, na jua likipanda inanibana. Kila inaponibana nakuona wewe.

Halafu harusi yetu, Mwazye, nyumbani kwenu. Mama yako alivyonishika mashavu. Pombe ya ulezi iliyochachuka ikaimbisha hata wasiojua kuimba. Mama Shija alipanda kutoka bondeni na gunia zima la mchele wake, akalitua mbele ya jiko na kutangaza, "Leo mnakula mchele wangu. Kesho mnirudishie injini yangu!" Na Mzee Athumani akavua koti, akachinja mbuzi kwa mkono wake ili mezani kila mtu ale bila shaka, Mkristo na Mwislamu. Alipokuja kutuaga, maana alikuwa anapitiliza Mpanda kumwona binti yake aliyejifungua, alitushika mikono wote wawili.

"Zawadi yangu sikuibeba," alisema. "Iko karakana, mezani kwenu. Mtaiona wenyewe."

Tukaiona, Deo. Au tulidhani tumeiona. Tuliporudi kazini tulikuta sanduku la mbao limepigwa vanishi, ndani lina kitambaa chekundu, na maikromita yetu imelala humo kama mtoto mchanga. Wewe ulilipapasa lile sanduku. Ulifungua kifuniko, ukafunga, ukafungua. "Mzee ana upendo," ulisema. Nikasema, "Tutaliweka juu ya kabati, wajukuu waje walione." Wajukuu! Hatujamaliza hata mchele wa harusi.

Krankshafti ya Mama Shija ilikuwa tayari juu ya mashine ya kusagia vyuma, gari la kushuka linasubiri, dereva anapiga honi nje. Wewe unasaga, mimi napima. Nakumbuka kila neno.

"Bado?"

"Bado kidogo."

"Sasa?"

"Gusa kidogo tena. Kidogo. Simama!"

"Ngapi?"

"Moja nukta tisa nane sifuri."

"Umetoa mbili?"

"Nimetoa mbili, mume wangu."

Hivyo ndivyo nilivyojibu, "mume wangu", nikifurahia neno kuliko namba. Shingo ya pili vilevile. Hatukuipa shikamoo. Nani angeisalimia tena wakati tunajua itajibu nini? Hatukuandika kwa chaki, hatukufunika. Mafundi wenzetu walikuwa wanatutania kwamba mume na mke hawafunikiani namba, wanalala shuka moja, watatofautiana vipi? Tukaona ni kweli, tukaona hata ni uzuri. Ukanibusu paji la uso ukaniachia alama ya grisi, nikakataa kuifuta hadi jioni.

Leo asubuhi nilikuwa napima pini ya mteja, najisemea kwa sauti, "toa mbili", nikasikia nyuma yangu:

"Mbili za nini, bibi harusi?"

Mzee Athumani amerudi kutoka Mpanda, bado ana vumbi la safari kwenye kofia.

"Shikamoo Mzee! Mbili za maikromita."

"Marahaba. Ziko wapi hizo mbili? Si nimeziondoa?"

Nikaishusha pini mezani.

"Zawadi yangu hamkuiona?"

"Tumeiona, Mzee, tunashukuru. Sanduku zuri mno, Deo amelisifu mpaka..."

"Sanduku?" Alishika kiuno. "Sanduku ni la seremala jirani, alinipa tu nisiitie maikromita mfukoni kama kitunguu. Odilia mwanangu, zawadi ilikuwa ndani. Nimehangaika kuupata ule ufunguo, nimekaa nayo mpaka imekubali sifuri, ili muanze maisha yenu bila kutoa kitu. Hamkuipa shikamoo?"

Nilichukua kichuma cha inchi moja, nikaifunga maikromita juu yake. Sifuri. Mstari juu ya mstari, umenyooka kama tulivyosimama mimi na wewe mbele ya padri. Nilikuwa sijawahi kuona sifuri kwenye ile maikromita. Ni nzuri, Deo. Ni nzuri na iliniua pale pale.

Kwa maana niliposimamisha mashine, maikromita ilikuwa inasoma moja nukta tisa nane mbili, na ilikuwa inasema kweli. Mimi nikatoa mbili zisizokuwepo.

Mzee aliponiona nimeishiwa rangi aliuliza ni kazi gani tumepima nayo. Nikamwambia. Akakaa juu ya lile tairi la Idi. Nilisubiri anigombeze. Akasema tu, "Kosa la zawadi ni langu, kosa la salamu ni lenu. Tutagombana baadaye tukiwa wengi. Kwanza Deo."

Nikakimbia huku. Nimemwambia Idi nipande naye. Kabini imejaa: yumo mama aliyetoka hospitali na kichanga chake, na dada yake mama huyo. Nikasema nitakaa juu ya mizigo.

"Shemeji, hapana."

"Nitajifunga kamba, Idi."

"Shemeji, ule mteremko unaujua? Mfuko wa saruji wenyewe unasali. Nikikuangusha, Deo ataniuliza nini? Nipe barua, nipe hilo sanduku. Nitaliweka mapajani kwa mwenye mtoto."

Basi maikromita yetu itasafiri mapajani karibu na kichanga, na mimi nimebaki kuandika. Mzee anasafisha mashine ya kusaga sasa hivi ili ukirudi isikusubirishe.

Sasa nisikilize vizuri, mume wangu, usisome upesi hapa. Kama bado hujaiwasha, hatujaharibu kitu. Mzee amesema, na wewe unajua: mnene hupunguzwa, mwembamba ndiye asiye na dawa. Tutaisaga tena kuondoa zile mbili na beringi zitakaa kama zilivyotakiwa. Usinisadiki kwa maneno haya. Nimesema namba mbaya mara moja bila kufunika, sitaki kukuambia nyingine kwa mtindo uleule. Ivue krankshafti, ifute, iweke kivulini pamoja na maikromita ili zipoe pamoja, maana joto la huko si la huku kwetu. Kisha ipe maikromita shikamoo. Itakujibu sifuri, usishtuke. Pima shingo zote mbili, andika namba yako kwa chaki ubaoni, uifunike.

Ya kwangu iko ndani ya kifuniko cha sanduku, nimeifunika kwa kipande cha kile kitambaa chekundu, nimekibandika pembe nne. Usifunue kabla hujaandika yako. Mwite Mama Shija asimame kati yako na sanduku, awe Mzee Athumani wa huko, yeye ndiye aseme "Funua!" Mwambie pia kwamba nimemkosea, na kwamba watu wake wa mpunga wanipe muda kidogo. Mchele wake nimeula kwa furaha, na injini yake ataipata nzima.

Zikilingana, usitafute chaji. Funga krankshafti kwenye blanketi letu upande nayo, njoo mwenyewe. Nataka kukusikia kwa hatua zako kwenye kokoto za uani, siyo kwa simu. Nitakugombeza kwa kutoisalimia maikromita, utanigombeza na mimi, kisha tutawekeana nadhiri nyingine ndogo ambayo padri hakuitaja: mezani tutafunikiana namba mpaka uzeeni. Nilidhani kukupenda ni kutokuficha kitu chini ya kiganja. Kumbe nilikupenda pale mezani kwa sababu kila siku ulikuwa unapima mwenyewe, nami napima mwenyewe, halafu tunafunua.

Idi amewasha lori. Mama wa mtoto ameshapakata sanduku, amenionyesha kwa dirishani kwamba amelishika vizuri.

Nimepiga tena kabla ya kukunja karatasi. Yako, kisha ya Mama Shija. Yule dada wa kwenye simu amenijibu kwa ile sauti yake ya pole kwamba hampatikani, wote wawili, nami nimemwambia "Asante sana, dada yangu, asante," kwa sauti kubwa kibarazani, mpaka wapakiaji wamegeuka kunitazama.

Endelea kutopatikana, mpenzi wangu. Saa moja tu zaidi, na nyingine, mpaka Idi afike.

Mkeo,
Odilia